Pini Kumi na Moja za Jivu

Mkwe wangu alipiga simu Jumatatu asubuhi nikiwa na pini tano mdomoni. Nilizitema kiganjani ndipo nikaitika. Siku hizi simu yangu ikilia naikimbilia kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni, maana isipokuwa yeye, au mteja anayeulizia sketi yake, hakuna mwingine wa kunitafuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Chiriku hajambo?"

"Huyo Chiriku wako ndiye aliyenifanya nikupigie. Amenishika koo na sinema."

Chiriku ni mjukuu wangu, mtoto wa pekee wa mwanangu wa pekee. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu alianza kupayuka maneno kabla meno hayajamtoka vizuri, na hakuacha. Aliacha mwaka juzi, baba yake alipopinduka na lori akafa. Sasa ana miaka kumi, na ukimwuliza jambo anakujibu neno moja, kama mtu anayelipia kila neno.

"Sinema gani?"

"Inaitwa Jivu. Mambo ya mashujaa wanaoruka mapaa. Anasema darasa zima wameiona, amebaki yeye. Kwenye tangazo wameandika miaka kumi na mitatu, au mtoto aende na mtu mzima. Mimi lile tangazo tu limenitosha. Jitu limevaa koti jeusi, limesimama juu ya paa, linadondosha majivu kama mvua."

"Ehe."

"Anataka wewe umpeleke. Nimemwambia nitatafuta nafasi nimpeleke mimi, amekataa. Anamtaka bibi."

Nikavuta kiti nikakaa.

Jumamosi nane zilikuwa zimepita mtoto hajakanyaga kwangu. Kwanza ilikuwa masomo ya ziada, halafu mafua, halafu sherehe ya rafiki yake, mwisho mama yake akachoka kutafuta sababu akaniambia ukweli, kwa upole kabisa: "Mama, anasema kwako hakuna cha kufanya." Na kweli hakipo. Chumba changu kina kitanda, cherehani dirishani, redio isiyokamata zaidi ya stesheni mbili, na sanamu ya kupimia nguo, kifua na kiuno bila kichwa, ambayo naiita Shangazi. Asubuhi naisalimu. Haijibu, lakini hainung'uniki pia, na katika ukoo wetu hilo ni jambo kubwa.

"Nitampeleka," nikasema.

"Subiri kwanza, Mama. Nataka uione wewe kabla. Zamu zangu unazijua, nikitoka kule kwenye mashine za kufulia hospitalini nalala nimekaa. Kaiangalie, uniambie kama inamfaa mtoto. Ukisema inafaa, Jumamosi namleta asubuhi, mnakwenda zenu, na analala kwako mpaka Jumapili. Ukisema haifai, basi. Atakwenda kwa kaka yangu, kule kuna watoto wenzake."

"Nikisema inafaa, atalala?"

"Atalala."

Nilipokata simu nilimgeukia Shangazi. "Umesikia? Anakuja." Nikamvua gauni la mteja nililomvisha tangu Ijumaa, nikampangusa vumbi mabegani, utadhani ni yeye anayetarajia mgeni.

Sasa, sinema inakaguliwaje? Nguo najua. Tangu nilipoanza kushona sijamkabidhi mtu nguo kabla sijaigeuza nje ndani. Kwa nje kila nguo ni nzuri, hata ya fundi mlevi. Ndani ndiko utaona mshono ulioruka, uzi uliokatwa shaghalabaghala, bitana iliyobandikwa juujuu ipite leo ifumuke kesho. Wateja wengine hunicheka: "Bibi, si upasi tu tuondoke?" Nawaacha wacheke. Nageuza.

Kwa hiyo nilikata kipande cha bitana, chembamba, kirefu kama mkono wangu. Nikachukua pini za aina mbili. Zenye kichwa cha shanga zingekuwa za damu, na zile tupu zingekuwa za hofu. Gizani ningezitambua kwa kidole. Ningeanzia kushoto nikienda kulia, kama ninavyobana upindo, na sinema ikiisha ningekuwa nayo yote mkononi, nione palipojaa na palipo patupu. Macho yangu yanasahau, lakini kitambaa hakisahau.

Jumatano nilifunga mlango saa saba mchana nikaenda. Ukumbi wenyewe uko juu ya maduka, ghorofa ya tatu, milango mitatu imepangana na zulia jekundu lililolika katikati. Mama mmoja mnene mwenye tochi alikata tiketi yangu, akasema, "Mlango wa tatu, Bibi." Nami nikaenda nikaingia wa pili, kwa sababu mlango wa kwanza ulikuwa na ndoo na fagio mbele yake, nikaudhani ni stoo, sikuuhesabu.

Nikakaa. Nikatandaza bitana mapajani. Wakatokea bata.

Bata walikuwa wana karakana. Wanatengeneza baiskeli za wanyama wengine, wanagombana, wanaimba. Nikasema, huu utakuwa utangulizi, wanatulainisha kabla yule wa koti jeusi hajaja. Nikangoja. Bata mdogo akapotea sokoni, akaonekana. Sikuchomeka hata pini moja. Nikaanza kumcheka mkwe wangu moyoni: huyu binti anaogopa bure, mbona hata mtoto wa miezi sita angelala humu akiwa ametabasamu? Nilikuwa nimeshaanza kupanga shuka nitakalomtandikia Chiriku.

Hatimaye niliinama kwa katoto kalikokaa karibu yangu na mama yake. "Samahani, mjukuu. Jivu anatokea saa ngapi?"

Kakanitazama juu mpaka chini. "Bibi, hawa ni bata."

"Nimewaona. Namwuliza Jivu."

"Hakuna Jivu. Ni bata tu mpaka mwisho."

Mama yake alijifunika mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza. Niliokota pini zangu nikatoka nimeinama, na mama wa tochi aliponiona mlangoni alicheka mpaka akaushika ukuta. "Bibi! Nusu saa nzima uko kwa bata? Njoo, njoo nikupeleke mwenyewe." Akanishika kiwiko, akanipitisha mlango wa tatu mpaka kitini.

Humo mlikuwa na giza hasa, na watu hawazidi kumi. Wapenzi wawili walikaa nyuma kabisa, wala hawakuwa wamefuata sinema. Bwana mmoja alikuwa anakoroma. Nikaacha shubiri moja ya kitambaa upande wa kushoto, wazi, kwa ajili ya kile nilichokosa, nikaanzia hapo.

Watu wa kwenye sinema walikuwa wanaongea lugha ya kwao, na maandishi ya chini yalipita mbio kabla sijamaliza nusu ya mstari. Nikaacha kusoma, nikaangalia nyuso. Pini ya kwanza, ya shanga, niliichomeka darajani, Jivu alipopigwa akatema jino. Ya pili na ya tatu, tupu, ni mlango wa chini ya ardhi uliokuwa unafunguka wenyewe polepole, halafu ukafunguka tena, kana kwamba mara moja haikutosha. Adui wake alikuwa mtu mwenye uso wa bati, anayeongea kwa kunong'ona. Huyo peke yake alinimalizia pini tatu. Kulikuwa na mbwa wa miguu mitatu anayemfuata Jivu kila mahali, na mara mbili nilishika pini tayari nikidhani mbwa anakufa. Hakufa.

Nisiwe mwongo, yule Jivu nilimpenda. Anatembea usiku kucha kuwaokoa watu, wakishaokoka wanamkimbia. Koti lake lilifumuka kwapani pale darajani, na mpaka mwisho wa sinema, baada ya siku sijui ngapi, kwapa bado liko wazi vile vile, hana mtu wa kumwambia hata vua nikushonee. Na kuna mahali anarudi nyumbani kwake, jumba kubwa la vyumba vingi, anakula amesimama jikoni, kwenye kopo, taa hajawasha. Akimaliza anakiosha kijiko. Kijiko kimoja. Anakilaza pembeni ya sinki, anabaki ameshika bomba. Pale hapakuwa na damu wala hofu, kwa hiyo sikuchomeka kitu. Lakini nilijisogeza kitini, maana asubuhi ile mimi pia nilikuwa nimeosha kijiko kimoja.

Taa zilipowashwa nilihesabu. Pini kumi na moja. Nne za damu, saba za hofu. Nikaitazama ile bitana kama ninavyotazama nguo: haikuwa safi, lakini si ya kutupa. Mtoto wa miaka kumi, ameshikwa mkono na bibi yake, kwenye zile saba bibi anamwambia funga macho. Inapitika.

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikatoa simu. Nilishaanza kubonyeza namba ya mkwe wangu.

"Umeionaje, Bibi?" Mama wa tochi alikuwa anafagia maganda.

"Inapitika. Natafuta kama inamfaa mjukuu wangu. Ana miaka kumi."

"Ah." Akaegemea fagio. "Na ule mwanzo?"

"Mwanzo si nilikuwa kwa bata."

"Basi hujaiona. Mwanzo ndio wenyewe. Mimi naangalia hizi sinema kila siku, moyo umeota sugu, lakini ule mwanzo ukifika mimi hutoka kuja kufagia hapa, hata kama hapana uchafu."

"Kuna nini?"

"Kuna baba yake. Ngoja saa kumi na moja inaanza upya, nitakuingiza bure, kaa dakika ishirini uone mwenyewe. Au nenda tu nyumbani, Bibi, umeshachoka. Nani atakuuliza?"

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha. Nani ataniuliza? Mkwe wangu ataniuliza mara moja tu: inafaa? Nami nitamwambia nilichokiona kwa macho yangu, pini kumi na moja, na hakuna hata moja ya uongo. Nisichokiona sikukiona. Ningeamka Jumamosi nikatandika shuka. Ningepika sufuria kubwa. Asubuhi ya Jumapili kungekuwa na vijiko viwili kwenye beseni.

Niliishika ile simu mpaka kioo chake kikazima chenyewe. Shubiri moja ya bitana ilikuwa tupu, inaning'inia kutoka mkobani kwangu. Nguo hii sijaigeuza, nikasema. Nilisema kwa sauti, mama wa tochi akaniuliza, "Nguo gani?" Nikamwambia, "Niingize."

Jivu ana miaka tisa au kumi. Yuko ndani ya gari na baba yake, nje mvua. Baba anaimba, na sauti hana kabisa, mtoto anaziba masikio anacheka. Wakaonyesha mikono ya baba kwenye usukani kwa karibu sana, unaona mpaka kucha. Ikaja kona. Ukaja mwanga mweupe. Sitasimulia zaidi, ila gari lilipinduka, mtoto akatupwa nje kwenye majani, baba akabaki ndani, na gari likawaka. Nalo liliungua taratibu. Mtoto amesimama kwenye mvua, majivu yanamwangukia mikononi, yanaganda kwenye mikono ya sweta. Ndiko jina lake lilikotoka.

Nilikuwa nimeshika pini na sikuichomeka popote. Nilipotoka nje mama wa tochi aliniambia, "Bibi, kidole." Nikaona nimejichoma dole gumba, na kwenye ile shubiri tupu pameingia doa la damu, dogo kama dengu.

Akaniletea maji. "Una wajukuu wengi?"

"Huyo mmoja."

"Na baba yake yupo?"

Nikayanywa yale maji yote.

Nilimpigia mkwe wangu kabla sijafika nyumbani, nimesimama kando ya barabara, kwa sababu nilijua nikifika nikaiona ile nafasi kitandani nitabadili maneno. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma.

"Haifai," nikasema.

"Kwa nini, Mama?"

"Mwanzoni baba anakufa. Kwenye gari. Mvua, na kona."

Mashine zikanguruma peke yao.

"Linawaka?" akauliza.

"Linawaka."

Kisha akasema, "Haya, Mama. Ahsante." Na baadaye kidogo, "Sitamwambia sababu. Nitamwambia tu bibi amekataa. Unisamehe."

"Mwambie hivyo hivyo."

Chiriku alinipigia mwenyewe Alhamisi, kwa simu ya mama yake. Alisema maneno mengi kuliko aliyoniambia mwaka mzima. "Bibi, umeniharibia. Nilikuchagua wewe makusudi. Nilidhani wewe huogopi." Akakata. Nilibaki na simu sikioni kama mjinga, nikiisikiliza ikilia tu, tu, tu.

Jumamosi ile nilipika sufuria kubwa kwa mazoea, nikaila siku tatu. Ile bitana sikuichomoa pini. Nilimfunga nayo Shangazi shingoni, au pale ambapo shingo yake inaishia, ikakaa kama skafu ya mtu mwenye mafua.

Wiki iliyofuata sketi ya shule ndiyo iliyomleta. Alikuwa amerefuka, sketi imepanda juu ya magoti, mwalimu amemrudisha kutoka mstarini. Mama yake alimshusha mlangoni Jumamosi saa sita, hata ndani hakuingia. "Nitampitia saa tisa, Mama. Ni upindo tu."

Chiriku aliniamkia akitazama sakafu. Nikampandisha juu ya stuli, nikapiga magoti, nikajaza pini mdomoni, nikaanza kufumua upindo wa zamani. Niliona miguu yake tu, soksi moja imeshuka. Juu huko kimya. Cherehani kimya. Nikafikiri, haya ndiyo masaa yangu matatu, nitayamalizia kwenye pindo la sketi.

"Shangazi amevaa nini?"

"Mm," nikasema. Huwezi kusema kitu kwa pini mdomoni.

"Ni pini za nini? Mbona zimechomekwa ovyo?"

Nikazisogeza pini upande mmoja wa mdomo. "Ndiyo sinema yako."

Stuli ilitikisika. Alinyoosha mkono akakivuta kile kitambaa kutoka kwa Shangazi, akakiangalia kwa makini kama anayesoma barua. "Hizi zenye shanga?"

"Damu."

"Na hizi?"

"Hofu. Simama wima, nisije nikapindisha upindo."

"Zote kumi na moja?" Kidole chake kilikuwa kinarudi kushoto, kwenye ile shubiri. "Na hapa? Hapa hakuna pini. Kuna doa."

Nilichomeka pini kwenye upindo, nikaichomoa, nikaichomeka tena palepale.

"Hapa ni gari," akasema. "Najua. Darasani waliniambia."

Mkono wangu ukasimama.

"Ndiyo maana nilitaka kuiona," akasema. Sasa alikuwa anaongea haraka, na hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamwambia Shangazi. "Nilitaka kuona inavyokuwa. Nyinyi hamkunionyesha. Mlinipeleka kwa jirani nikakaa naye mpaka jioni, akanipa biskuti. Na sanduku halikufunguliwa, nilisikia watu wakisema. Msichana mmoja shuleni alisema lori likipinduka lazima liwake, ndiyo maana sanduku huwa halifunguliwi. Mama nikimwuliza analia. Wewe hulii. Nikasema tukiwa kule gizani nitakuuliza." Akavuta pumzi. "Bibi, baba aliungua?"

Nilizitema pini zote kiganjani. Moja ilibaki imeng'ang'ania mdomo wa chini, nikaitoa kwa kucha.

"Hakuungua."

"Unajuaje?"

"Nilikwenda nikamwona. Mimi na mdogo wangu, kabla hawajamweka kwenye sanduku. Lori halikuwaka, lilikuwa limelowa mvua chapachapa. Baba yako aligonga kichwa, hapa, nyuma ya sikio. Alikuwa amevaa lile shati la bluu nililomshonea. Lilikuwa na udongo begani, upande mmoja. Kola ilikuwa safi."

"Uso je?"

"Kama anaposinzia kando ya redio. Unakumbuka alivyokuwa anasinzia?"

"Mdomo wazi."

"Mdomo tulimfunga."

Akafikiri. "Iliuma?"

"Daktari alisema hakuhisi. Mimi sikuwepo, mjukuu wangu, siwezi kukuapia. Nakwambia nilichokiona."

"Kwa nini basi sanduku halikufunguliwa?"

"Mama yako aliomba. Hakuweza kutazama. Hapakuwa na kitu cha kufichwa."

Alikuwa bado amesimama juu ya stuli, upindo nusu umebanwa nusu unaning'inia. Sikumshika. Niliogopa nikimshika atanyamaza.

"Shati liko wapi?"

"Alizikwa nalo. Kifungo cha juu kilikuwa kimekatika, nikakirudishia."

"Pale pale?"

"Pale pale. Sindano huwa ninayo kwenye mkoba."

"Kwa uzi gani?"

"Wa bluu. Sikuwa na bluu ile ile hasa. Ilizidi kidogo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama fundi mwenzangu anayeelewa kwamba kuna siku uzi haulingani na huna la kufanya. Halafu akashuka mwenyewe kutoka kwenye stuli, akakaa sakafuni karibu na goti langu, sketi na pini zake zote, nikasema angalia usijichome, akasema hajichomi.

Tukakaa. Nje mtu alikuwa anaburuta kitu kizito barabarani.

"Na hiyo sinema," akasema, "haifai yote?"

"Haifai."

"Hata sehemu za mbwa?"

"Nani kakwambia kuna mbwa?"

"Yuko kwenye tangazo. Ana miguu mitatu."

"Mbwa anafaa."

"Anakufa?"

"Hafi."

"Apa."

"Haki ya Mungu, hafi. Nilimsubiri afe mara mbili, akanikatalia."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini nilikisikia vizuri. Akaitandaza bitana sakafuni kati yetu, akaweka kidole kwenye pini ya kwanza upande wa pili wa doa. "Nisimulie. Kuanzia hapa."

Nikamsimulia. Sikujua kama ninajua kusimulia sinema. Kwenye za damu nilisema amepigana, akashinda, tuendelee. Kwenye za hofu aliniambia nisiruke, nami sikuruka, nilinong'ona kama yule mtu wa uso wa bati mpaka Chiriku akanipiga bega. Kuhusu kwapa la koti tulibishana muda mrefu. Yeye alisema mashujaa hawashonewi nguo, mimi nikamwuliza sasa wanazitoa wapi, akasema labda wana mashine, nikamwambia mashine ipi inayojishona yenyewe, nionyeshe niinunue. Alisema maneno mengi. Aliuliza kila kitu: mbwa analala wapi, jumba lina vyumba vingapi, Jivu anakula nini. Nikamwambia anakula kwenye kopo, amesimama. Akauliza peke yake? Nikasema ndiyo. Akakiangalia kile chumba changu, kisha akasema, "Endelea."

Tulikuwa kwenye pini ya saba honi ilipolia.

Nikamalizia upindo mbiombio, mishono mikubwa ya aibu, ya kushikia tu. Mama yake alisimama mlangoni, macho mekundu kwa zamu ya usiku. "Alikusumbua, Mama? Alikuwa anafanya nini muda wote huu?"

"Alikuwa anasema," nikamwambia.

Mkwe wangu alinitazama, kisha akamtazama mtoto. Nikamshika mama mtu mkono, nikamwambia chinichini kwamba mtoto ameniuliza kuhusu sanduku na nimemjibu, na kwamba akipumzika nitampigia nimwambie yote. Hakukasirika. Alibana midomo, akaitikia kwa kichwa mara mbili, akaenda kuwasha gari.

Chiriku alikuwa anavaa viatu. "Zimebaki nne," akasema.

"Nne."

"Usizichomoe."

Hakusema atakuja lini, nami sikumwuliza. Nilisimama dirishani mpaka gari likakata kona, halafu nikabaki nimesimama, kwa sababu ukishasimama dirishani muda mrefu hujui utageuka ufanye nini. Nilimfunga Shangazi kitambaa chake. Nilichomoa zile saba zilizosimuliwa nikazirudisha kwenye kopo lake, moja moja. Nne nimeziacha. Doa nilijaribu kulifua kwa maji baridi, likafifia, halikutoka.

Kuna mteja ameleta gauni linalotaka pini nyingi, na mimi zimenipungukia nne. Nimemwambia arudi Jumatatu.